Uzi: Kwa nini meli za Star Trek zilizobuniwa na mashabiki zinaonekana "si zenyewe"? (Nimeweka ya kwangu, ipigeni)

#1 Gurudumu la Nyuma (mtoa mada)
Wakuu, salaam. Nimepitia meli nyingi sana za anga zilizobuniwa na mashabiki wa Star Trek, ile tamthilia ya safari za nyota, na kuna kitu kinanikera. Kazi ni safi: renda (picha ya kompyuta) ya hali ya juu, taa zinawaka, kila bamba limechorwa. Lakini ukiitazama sekunde mbili tu, moyo unakataa. Hii si meli ya Shirikisho, upande wa mashujaa wetu. Halafu unarudi kwa ile Enterprise, meli kuu ya tamthilia ya kwanza ya 1966: sahani, kiwiliwili cha mviringo, naseli (mirija ya injini za kuruka nyota) mbili nyuma, basi. Haina madoido na inakaa machoni bila ubishi.

Dai langu ni kwamba tunajaza vitu mno. Mashabiki hatujui kuacha.

Nisije nikaonekana nasema watu tu, naweka ya kwangu mezani. USS Radi, urefu m 520, sahani mbili, moja juu ya nyingine, naseli nne, hanga (banda la vichombo) nyuma. Picha tano: mbele, nyuma, ubavuni, juu, na moja ya pembeni kwa mshazari. Msinionee huruma.

#2 PikseliMoja
Siti ya mbele. Ngoja waje watu wa amri za naseli.

#3 Dada Deki
Mtoa mada, mkono unao, hilo sikunyimi. Ila nimekuza picha ya ubavuni. Umeandika ukingo wa sahani ya juu una kimo cha m 20. Nimehesabu safu za madirisha: 11. Gawanya mwenyewe. Kila deki (ghorofa ya meli) inapata kama m 1.8, na hapo hujatoa unene wa sakafu, nyaya, wala mabomba ya hewa. Wahudumu wako wanatembea wameinama?

Mimi sikubali kwamba tatizo ni kujaza vitu. Tatizo ni kipimo. Huko angani hakuna mti wala mtu wa kulinganisha naye, kwa hiyo dirisha ndilo rula pekee ambayo jicho linayo. Tukichukulia deki ya kawaida ni m 3.5, safu 11 zinataka ukingo wa m 38.5, yaani Radi nzima inakuwa karibu kilomita moja. Kisha nageukia mlango wa hanga, una kimlango cha mtu pembeni, na hicho kinaniambia meli haizidi m 200. Jicho limepewa majibu mawili, linakataa yote.

#4 Gurudumu la Nyuma
Dada Deki, zile si deki kamili. Ni madirisha mawili kwa deki moja, la juu na la chini.

#5 Dada Deki
Safu 11 haigawanyiki kwa mbili, mkuu.

#6 PikseliMoja
Hahaha, mtu kapigwa mapema.

#7 KipimoSahihi
Habari za humu. Kabla ya madirisha tuanze na msingi. Kuna kanuni nne zinazohusishwa na Gene Roddenberry mwenyewe, mwanzilishi wa Star Trek. Naseli ziwe kwa jozi. Naseli zionane angalau nusu ya urefu wake bila mwili wa meli kuziba katikati. Ukitazama meli kwa mbele, naseli zote zionekane kikamilifu. Na chumba cha uongozi kikae juu, katikati ya sahani.

Radi ina jozi mbili, sawa, ya kwanza imepita. Lakini jozi ya chini imezibwa na kiwiliwili kile kipana, hazionani hata robo. Na kwa mbele sahani ya chini imezifunika kabisa. Umevunja mbili kati ya nne, ndiyo maana moyo unakataa.

#8 Kunguru Mweupe
Hizo amri zimefika. Nilijua.

KipimoSahihi, hebu tuseme zilivyo. Mchoraji Franz Joseph alitoa kitabu chake cha michoro ya kiufundi ya Star Trek mwaka 1975, na humo kuna meli za naseli moja na manowari kubwa ya naseli tatu. Mashabiki walikipenda mno. Kanuni hizo zimekuja baadaye, na wengi wanaamini zilitungwa ili kuzitupa nje meli za Franz Joseph baada ya uhusiano wake na Roddenberry kuharibika. Kwa hiyo unazitumia kama fizikia wakati zinaweza kuwa ugomvi wa kiofisi.

Na angalia waliozivunja wenyewe: Enterprise-D ya siku zijazo kwenye kipindi cha mwisho cha tamthilia ya The Next Generation, 1994, naseli tatu. USS Kelvin ya filamu ya 2009, naseli moja. Moyo wako ulikataa?

#9 KipimoSahihi
Ile ya naseli tatu ulikataa, ndiyo. Bado unakataa.

#10 Nahodha Mstaafu
Kunguru, ongeza na hii: kwenye filamu ya 1979, katika sauti za mawasiliano ya redio za kituo cha Epsilon IX, zinatajwa meli zilizotoka kwenye kitabu hicho hicho cha Franz Joseph, ikiwemo manowari ya naseli tatu, Entente. Kwa hiyo kuna wakati zilikuwa ndani, kisha zikawa nje. Nani aliziondoa na kwa nini, kila mtu ana toleo lake.

#11 Mzee wa Modeli
Vijana, mnasahau kwamba zile meli hazikuchorwa zipendeze kwenye picha tano. Zilijengwa zipigwe picha na kamera ya wakati ule. Modeli kubwa ya Enterprise ya kwanza ina urefu wa kama m 3.4, na iko Smithsonian tangu 1974. Upande wake wa kushoto haukumaliziwa, kwa sababu nyaya za taa ziliingilia huko. Ndiyo maana kwenye tamthilia unaiona karibu kila mara ubavu wa kulia.

Matt Jefferies aliyeibuni alikuwa rubani, mtu wa ndege. Alitaka ngozi ya nje iwe laini. Hoja yake ilikuwa kwamba fundi mwenye akili hataki kutoka nje kwenye ombwe kurekebisha pampu, kwa hiyo kila kinachohitaji matengenezo kiwe ndani. Naseli akaziweka mbali na watu kwa sababu alidhani nguvu iliyomo ni ya hatari. Kila umbo lina swali lililolijibu.

Sasa nitazame Radi. Mabomba yako nje. Vali ziko nje. Kuna ngazi nje! Gurudumu, nani anapanda hiyo ngazi?

#12 Gurudumu la Nyuma
Ni ya dharura, Mzee.

#13 Mzee wa Modeli
Dharura ya nani? Waliomo ndani au fundi rangi?

#14 Bundi wa Mchana
Mimi niko upande wa mtoa mada kwa sababu nyingine. Nilijenga meli yangu kwenye Blender, programu ya michoro ya 3D, nikaibandika kila kitu nilichokuwa nacho kwenye maktaba ya vipande. Ilikuwa na poligoni mpaka kompyuta inalia. Niliipeleka kwa wenzangu wakaniambia maneno ambayo sitayarudia.

Mmoja akanipa dawa: ijaze rangi nyeusi tupu, iweke kwenye usuli mweupe, ipunguze hadi ukubwa wa ukucha. Ukiitambua, una meli. Usipoitambua, una rundo la vyuma. Yangu ilikuwa rundo. Nilipoanza kutoa kitu kimoja kimoja nikiangalia kivuli tu, nilitupa karibu kila kitu nilichokuwa nakionea fahari.

Nimeifanyia Radi jaribio hilo sasa hivi, naambatisha. Kwa juu iko sawa. Kwa ubavuni inakuwa jagi lenye masikio manne.

#15 PikseliMoja
JAGI. Nimehifadhi picha.

#16 Kunguru Mweupe
Jaribio la kivuli nalipenda ila lina tundu. Meli ya Reliant ya filamu ya 1982 inajulikana na kila mtu kwa kivuli chake: sahani, naseli mbili zinaning'inia chini. Lakini simulizi inayorudiwa na waliokuwepo ni kwamba mchoro wake ulikuwa naseli zikiwa juu, mtayarishaji Harve Bennett akauangalia ukiwa kichwa chini na kuusaini hivyo hivyo. Wakaijenga hivyo. Leo tunaiona ni kamilifu na tunaandika kurasa kueleza kwa nini naseli za chini zinaifaa meli ya aina ile.

Kwa hiyo hoja yangu: ni mazoea. Tumeziona rasmi mara elfu, zimekaa. Ya mtoa mada tumeiona leo.

#17 Dada Deki
Mazoea hayaongezi kimo cha deki, Kunguru.

#18 Kunguru Mweupe
Kweli? Basi niambie meli ya Defiant ya tamthilia ya Deep Space Nine ina urefu gani. Nasubiri.

#19 Dada Deki
m 170.

#20 Nahodha Mstaafu
Hapo sasa mmeamsha jini. Ukiipima Defiant kwa kulinganisha na meli nyingine kwenye picha moja unapata namba moja, ukiipima kwa deki na madirisha unapata nyingine, ukiipima ikiwa imeegeshwa kituoni unapata ya tatu. Watu wamegombana juu yake tangu miaka ya tisini. Na Bird-of-Prey, meli ya Waklingoni, ni mbaya zaidi, modeli ile ile ilitumika kwa meli ndogo ya wahudumu wachache na kwa manowari kubwa mara kadhaa zaidi.

Kwa hiyo kama kipimo kibovu ndicho kinachofanya moyo ukatae, kwa nini haukatai Bird-of-Prey?

#21 Dada Deki
Kwa sababu kila picha moja ya Bird-of-Prey inajipatanisha yenyewe. Ugomvi unakuja ukiweka picha mbili pamoja. Radi inagombana yenyewe ndani ya picha MOJA. Si kitu kimoja.

#22 Kunguru Mweupe
Jibu zuri. Silikubali, ila ni zuri.

#23 Tufe Pweke
Wakuu, samahani kwa kuchelewa. Mbona hakuna aliyegusa msukumo? Injini za impalsi (za mwendo wa kawaida, si wa kuruka nyota) za Radi ziko nyuma ya sahani ya juu kabisa. Uzito mwingi uko chini: kiwiliwili, sahani ya pili, naseli mbili. Msukumo usiopita kwenye kitovu cha uzito hausukumi meli tu, unaizungusha. Ukiwasha injini, Radi inapiga sarakasi kuelekea chini.

Na joto je? Kwenye ombwe huwezi kupoza kitu kwa hewa, unabaki na mnururisho tu. Kituo cha kimataifa cha anga kina mabawa ya rejeta (vitoa joto) za amonia yanayoonekana waziwazi, na kile hakina injini ya kuruka nyota. Meli yenye naseli nne haina hata rejeta moja?

#24 Nahodha Mstaafu
Tufe, kwa hesabu hiyo Enterprise yenyewe inapiga sarakasi, maana impalsi zake ziko nyuma ya sahani na mwili mwingine unaning'inia chini. Kitabu cha ufundi cha The Next Generation cha Sternbach na Okuda, 1991, kina jibu: injini ya impalsi ina koili zinazofanya meli iwe kama imepungua uzito. Ukikubali hilo, swali la msukumo linalegea.

#25 Tufe Pweke
Hilo ni jibu la kufunikia.

#26 Nahodha Mstaafu
Ni hadithi ya kubuni, mkuu. Ni vifuniko tupu mpaka chini. Suala ni kama kifuniko kinafanana na vingine.

#27 Mzee wa Modeli
Hapo Nahodha kanena. Na rejeta anazosema Tufe, ukiziweka unapata meli nzuri ya hadithi nyingine. Nimeona mashabiki wawili watatu waliobandika rejeta kwenye meli ya Shirikisho. Fizikia imefurahi, meli imehama ukoo.

#28 Msomaji Kimya
Leo nimeamua kuandika. Namba ya usajili ya Radi ni NCC-83968. Jefferies alipochagua 1701 ya Enterprise aliziepuka 3, 6, 8 na 9 kwa sababu zinachanganyikana zikionekana kwa mbali. Mtoa mada amezikusanya zote nne na moja akairudia.

#29 Gurudumu la Nyuma
Hii sikuitegemea. Nacheka na kulia.

#30 PikseliMoja
Msomaji Kimya rudi kimya tafadhali, unaua watu.

#31 Mzee wa Modeli
Na mnajua USS Constellation ya mwaka 1967, ile iliyobomolewa na mashine ya maangamizi? Ilikuwa kifurushi cha modeli ya plastiki cha kampuni ya AMT kilichouzwa madukani. Wakapanga upya namba zilizokuja na kifurushi, 1701 ikawa 1017. Watu wamehangaika miaka kueleza kwa nini meli ya aina moja na Enterprise ina namba ndogo hivyo. Stika zilikuwa hizo tu!

Halafu mabaki ya meli za vita vya Wolf 359 kwenye The Next Generation, 1990: vipande vya vifurushi vya modeli vimeunganishwa ovyo, na meli mojawapo naseli zake ni kalamu za kukolezea maandishi. Leo hizo ni meli rasmi, zina majina ya madaraja, mashabiki wanazichorea ramani za ndani. Mtu akileta mchoro wa kalamu nne zimebandikwa kwenye sahani humu ndani, mngemla nyama.

#32 KipimoSahihi
Mzee, hizo zilionekana sekunde chache, kwenye giza, zikiwa zimeungua. Hilo linasaidia sana.

#33 Bundi wa Mchana
Umegusa kitu. Labda si umbo, ni mwanga. Kwenye filamu ya 1979 Enterprise ilijimulika yenyewe: taa ndogo kwenye mwili zinaangaza jina na namba, kwingine giza. Hilo peke yake linakuambia ni kubwa, kwa sababu taa inafifia kabla haijafika mwisho wa sahani. Renda zetu tunamwaga mwanga kila kona ili kila bamba lionekane. Radi imemulikwa kama bidhaa ya dukani, hakuna sehemu iliyoachwa gizani.

Jaribu, Gurudumu. Usiguse umbo hata kidogo. Zima taa zote, acha jua moja la pembeni na taa mbili za namba.

#34 Gurudumu la Nyuma
Nimejaribu. Naambatisha. Umbo ni lile lile, madirisha yale yale.

#35 Tufe Pweke
Aisee.

#36 Dada Deki
Inapendeza kwa sababu madirisha nusu hayaonekani. Umenithibitisha mimi.

#37 Bundi wa Mchana
Au nimejithibitisha mimi.

#38 Kunguru Mweupe
Au wote mmekwisha kuiangalia siku nzima, mmeizoea. Nimerudi na mfano wa mwisho. Kati ya 1976 na 1977 Ken Adam na Ralph McQuarrie walichora Enterprise ya pembetatu kwa filamu ambayo haikutengenezwa. Ilikaa kabatini. Mwaka 2017 umbo hilo likawa msingi wa USS Discovery. Picha ya kwanza ilipotoka, mashabiki walisema ni mbovu, ni nzito, haina shingo. Leo kuna watu wanachora meli zao kwa kuiga ile.

Na mwingine: USS Titan ya daraja la Luna ilianza kama shindano la jalada la riwaya, mshindi Sean Tourangeau, shabiki. Mwaka 2020 ikaruka kwenye katuni ya Lower Decks. Kuanzia siku hiyo hakuna anayeiita meli ya shabiki. Mistari ni ile ile.

#39 KipimoSahihi
Titan ilishinda kwa sababu ilifuata kanuni. Jozi, zinaonana, zinaonekana kwa mbele.

#40 Nahodha Mstaafu
Au kwa sababu mbunifu alijua ni ya nani: meli ya uchunguzi, nahodha anajulikana, wahudumu wa aina nyingi. Mimi huwa nauliza swali moja kwa kila meli inayoletwa humu. Inafanya kazi gani siku ambayo hakuna vita? Radi ina mizinga 46 na sijaona maabara. Gurudumu, hii meli ikimaliza kupigana inakwenda wapi?

#41 Gurudumu la Nyuma
Ni meli ya uokoaji.

#42 Mzee wa Modeli
Yenye mizinga 46?

#43 Gurudumu la Nyuma
Uokoaji wa lazima.

#44 PikseliMoja
Nimeanguka.

#45 Nahodha Mstaafu
Kama ni ya uokoaji kweli, basi una dhahabu mkononi na umeifunika. Sahani ya chini igeuze iwe hospitali na mabweni, inayoweza kujitenga na kubaki kwenye sayari wakati ya juu inarudi kuleta msaada. Hapo sahani mbili zinakuwa na sababu. Enterprise-D ya Andrew Probert inatenganisha sahani yake, wazo si geni. Mlango wa hanga uutanue mara tatu, maana watu wanaingia kwa mamia. Naseli za chini ziondoe, zimekaa kwenye njia ya vichombo.

#46 Tufe Pweke
Na ukiondoa naseli za chini kitovu cha uzito kinapanda, msukumo unakaribia kunyooka. Nasema tu.

#47 Kunguru Mweupe
Mkimaliza kumshauri mtakuwa mmechora Enterprise.

#48 Gurudumu la Nyuma
Wakuu, ahsanteni. Nimeanza toleo la pili: naseli mbili, madirisha safu 5, kimo cha ukingo m 20 kama awali, namba NCC-2711. Mizinga nimepunguza hadi 12. Sahani mbili sizitoi hata mkinifungia akaunti.

#49 Dada Deki
Safu 5 kwa m 20, deki ya m 4 pamoja na sakafu. Nimeridhika.

#50 KipimoSahihi
Chumba cha uongozi kiko sahani ipi? Ile ya chini ikijitenga inaongozwa na nani?

#51 Mzee wa Modeli
Mwacheni kwanza hilo. Ile ngazi ya nje bado naiona kwenye toleo la pili.